Matango ya Kumrudisha Mama Mezani

Jumatatu, 9 Machi

Siku njema kwa ujumla. Nashukuru. Mama mkwe hajala.

Tangu atoke hospitali, ambako walimtoa mawe kwenye kibofu cha nyongo, mama mkwe anakaa kwetu, kwenye chumba kilichokuwa cha kupigia pasi. Daktari anasema kidonda kimefunga vizuri, kilichobaki ni ale apate nguvu. Lakini hali kitu. Asubuhi vijiko vichache vya supu, mchana anageukia ukutani. Anasema chakula chote kina ladha ya karatasi. Mke wangu anapika, anabembeleza, anairudisha sahani kama ilivyokwenda. Leo nimemkuta jikoni amesimama tu, sahani mkononi.

Jioni akaja mwanyumba wangu, yaani yule aliyemwoa dada mkubwa wa mke wangu. Mimi humwita Tayari. Moyoni tu. Hakuna jambo utakalomtajia ambalo yeye hajalifanya tayari. Kuna joto? Tayari ameshafunga kiyoyozi. Petroli itapanda bei? Tayari ameshajaza tangi. Alikuja na kapu la matunda lililofungwa utepe, akatangaza kwamba kama hadi Jumapili mama hajaanza kula, atamchukua akakae kwake. Chumba tayari. Kitanda tayari. Jirani yake ni muuguzi, na tayari ameshaongea naye. Mke wangu akatazama sakafu, akasema labda ni heri.

Heri! Mama aondoke kwangu!

Mama mwenyewe akasema kwa sauti ndogo kwamba asisumbuliwe mtu. Yeye angependa tu kitu cha baridi, kikali kidogo, kinacholia mdomoni. Hapo kichwa changu kikawaka. Nikasimama. Nikasema kitu hicho nakijua: saladi ya matango, ile ya mtindo wa Asia. Nikasema nilifundishwa na mpishi wa mgahawa wa mtaa wa nyuma. Ukweli ni kwamba nilipeleka pale fremu za picha kutoka dukani kwetu, mpishi akanipa kibakuli, nikala nimesimama mlangoni. Lakini nilikula kwa makini sana.

Tayari akauliza kama nimewahi kupika chochote maishani. Nikamjibu kwamba kupika ni moyo. Namshukuru kwa swali lake, limenitia hamu ya kazi.

Jumanne, 10 Machi

Jaribio la kwanza. Muuza mboga alinichagulia matango membamba yenye ngozi nyororo, akaniongezea moja aliposikia ni ya mgonjwa. Mungu ambariki mama yule.

Nikakata vipande vyembamba, vya kupendeza, unaweza kuona mwanga upande wa pili. Nikamimina siki, sosi ya soya, mafuta ya ufuta, sukari, pilipili na vitunguu saumu. Vyote kwa mkupuo, maana sina muda wa kupoteza. Nikaenda kuoga ili vikolee.

Niliporudi, bakuli limejaa maji! Vipande vinaogelea! Miaka yote hii nimekula matango bila kujua kwamba tango ni kisima kilichovaa ngozi. Mke wangu akachungulia, akauliza kama supu hiyo inapashwa moto au inaliwa hivyo hivyo.

Nikampelekea mama na tabasamu. Akaitazama kwa muda. Akauliza, kwa heshima zote, kama ni ya kunywa au ya kusukutulia. Halafu akachukua kijiko kimoja kwa ajili yangu tu. Nikaliona koo lake linavyohangaika. Akaniambia ahsante mwanangu, inatosha. Mwanamke huyu! Hata kunikataa ananikataa kwa adabu.

Kabla sijaosha bakuli, habari zilikuwa zimemfikia Tayari, kwa kuwa mke wangu na dada yake hawafichani hata kikohozi. Akanitumia ujumbe wa pole. Pole! Nimeuhifadhi, nitaujibu siku ya ushindi.

Jumatano, 11 Machi

Mpango wa leo ulikuwa wa akili nyingi. Muda wa chakula cha mchana nilichukua pimamaji dukani, nikaenda mgahawani kama mtu aliyetumwa kukagua kama fremu zetu zimepinda ukutani. Haijawahi kutokea duniani duka la fremu likarudi kukagua. Mpishi akafurahi, akaniletea maji ya baridi.

Nikapima fremu mbili. Nikapima na ya tatu, ambayo si yetu. Kisha nikauliza, kama mtu asiye na haja, kwamba tango la mtu fulani likitoa machozi mengi, kosa litakuwa nini. Mpishi akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Akasema tango la saladi ile halikatwi. Linapondwa, lipasuke lenyewe, lipate nyufa za kunyonya sosi. Kisha linatiwa chumvi, linaachwa, linabanwa maji yatoke. Akainua kidole, akaanza kusema jambo jingine muhimu.

Lakini mimi nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Kuponda! Kubana! Na mimi nafanya kazi wapi? Duka la fremu. Na katikati ya duka letu kuna nini? Mashine ya kubania picha! Mabamba mawili ya chuma na usukani juu yake. Inanyoosha picha ya harusi iliyokunjwa miaka kumi. Tango litaiambia nini?

Nikampa mpishi mikono yote miwili, nikatoka mbio. Nadhani alikuwa bado anaongea. Mtu mkarimu sana, sitamsahau.

Alhamisi, 12 Machi

Bosi alitoka kwenda kutundika picha kwenye ofisi moja. Tukabaki mimi na mashine.

Niseme wazi kwamba usafi nilizingatia. Nilifuta mabamba, nikatandika ile karatasi nyeupe tunayofunikia picha, nikapanga matango kwa ustaarabu. Nikazungusha usukani. Kimya. Nikazungusha tena. Matango yamevumilia. Nikazungusha kwa nguvu zote za mtu anayempenda mama mkwe wake.

Mlio gani ule! Mbegu kwenye dari. Mbegu kwenye feni, na feni ilikuwa inazunguka, kwa hiyo mbegu kila mahali. Maji ya tango yameingia sikioni mwangu. Tango moja lilichomoka zima kwa pembeni, likapita mlangoni, likatua mbele ya duka la viatu la jirani. Jirani akalirudisha kwa mikono miwili bila kuuliza kitu. Nawashukuru watu wa aina hiyo.

Bosi alirudi nikiwa juu ya ngazi nafuta dari. Akauliza kuna nini. Nikasema unyevu. Akaiokota mbegu moja begani kwangu, akaitazama, akaionja, akatikisa kichwa. Akasema angenifukuza leo hii, ila hajaona mtu mwingine anayeunganisha pembe za fremu bila kuacha mwanya. Niisugue mashine mpaka ajione uso wake. Nikasugua. Kazi bado ninayo! Nani kama mimi?

Jambo moja nimeliweka moyoni. Mezani kulikuwa na picha kubwa ya mteja inayosubiri fremu, na mteja mwenyewe ni Tayari. Amevaa suti, anapokea cheti cha mfanyakazi bora. Aliileta juzi. Alisema ataitundika kwenye chumba atakacholala mama, ili mama ajisikie yuko na watu wake. Basi nikaifuta vizuri, nikaiwekea kioo, nikaziba nyuma kwa gundi na karatasi, safi kabisa. Nikaigeuza niifurahie.

Mbegu ya tango. Ndani ya kioo. Katikati ya paji la uso.

Gundi ilikuwa imeshika. Nikasogea nyuma hatua chache, nikakunja macho kidogo. Ukiwa mbali inafanana na alama ya busara. Nikaifunga kwenye karatasi ya mzigo, nikaandika jina lake kwa mwandiko mzuri.

Ijumaa, 13 Machi

Leo chumvi. Mpishi hakuniambia kiasi. Nikapiga hesabu kichwani: chumvi ikiwa nyingi, maji yatatoka upesi. Nikamimina pakiti nzima.

Maji yalitoka, sikatai. Mke wangu akaonja kipande kimoja, akakaa chini polepole, akashika meza. Sikumpelekea mama.

Nilisubiri kugombezwa. Hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Akaenda kufungua kabati, akaanza kukunja nguo za mama yake na kuzipanga kwenye begi. Akasema gauni lililokuwa linambana mama mwaka jana, sasa linamzunguka kama pazia. Akasema, mume wangu, hii si michezo. Nikamwambia najua. Tukakunja pamoja, yeye mikono, mimi sketi.

Niandike hapa, maana pengine pa kusema sina. Sitaki mama aende. Nilipokwenda kuposa, kazi yangu ilikuwa kuuza miavuli, na mvua haikunyesha mwaka ule. Wajomba walinicheka bila kujificha. Baba mkwe, marehemu sasa, akauliza kama kuna mchumba mwingine anayesubiri nje. Mama peke yake ndiye aliyesema nipewe, kwa sababu nyumba yangu inaweza kukosa vitu vingine lakini haitakosa kicheko. Kila nikifungua mlango wangu jioni namshukuru kwa neno lile. Na tangu atoke hospitali sijamsikia akicheka hata mara moja.

Kama hawezi kula kwangu, ataweza kwa Tayari. Cha maana ale. Hilo nalijua na linaniuma vilevile.

Kesho najaribu mara ya mwisho. Nimeazima nyundo dukani.

Jumamosi, 14 Machi

Mikono yangu bado inanuka vitunguu saumu. Niandike haraka kabla sijasahau chochote.

Mke wangu alikwenda kumnunulia mama ndala mpya za safari. Nikajifungia jikoni. Muuza mboga alikuwa amenipa matango yake mazuri kuliko yote, akisema hataki kuniona tena na uso ule. Nikaiosha nyundo, nikaivisha kitambaa safi, nikaanza. Pa! Tango likaruka. Pa! Nikapiga meza. Pa! Kifuniko cha sufuria kikaanguka kikazunguka sakafuni kikigoma kunyamaza.

Kutoka chumbani nikasikia mama anakohoa. Nikaendelea. Akakohoa tena, kile kikohozi cha mtu mwenye maoni. Kisha akaita, akauliza hilo tango limenitukana nini.

Nikasema ndivyo inavyofanywa, mama. Pa!

Nikasikia kitanda kinalia. Nikasikia hatua za taratibu kwenye korido, mkono unapapasa ukuta. Nikageuka, mama yuko mlangoni! Shuka begani, nywele zimesimama upande mmoja, amekasirika kama zamani. Mtu ambaye wiki nzima alikuwa hainuki mpaka ashikwe! Akasema amevumilia vya kutosha, hawezi kulala akisikiliza chakula kinauawa. Akavuta kigoda, akaketi, akanyoosha mkono. Akataka chupa.

Nikampa chupa tupu ya siki. Akaosha tango, akalilaza kwenye ubao, akaweka chupa juu yake, akaegemeza uzito wake kidogo tu. Tak. Tango likafunguka kwa urefu wake wote, limetulia pale pale. Akalichana vipande kwa vidole. Akafanya la pili. La tatu akanipa mimi. Likaruka. Akalichukua sakafuni, akaliosha, akalifanya mwenyewe.

Akauliza sasa nini. Chumvi, nikasema, nikanyanyua pakiti. Akaninyang'anya. Akatia chumvi ya kushikwa na vidole vitatu, akavuruga, akasema tuyaache yajute kidogo. Tukayaacha. Tukayabana kwa mkono, maji yakamwagika kwenye sinki. Akauliza sasa nini tena.

Hapo ndipo nilipomwacha mpishi akiwa na kidole hewani. Nikasema inategemea.

Akauliza inategemea nini. Nikasema mambo mengi. Akanitazama usoni, pembe ya mdomo wake ikacheza. Akaanza kuonja. Siki kidogo, akaonja. Bado kali mno. Sukari, akaonja. Sasa imelala. Sosi ya soya, akaonja, akanipa na mimi nionje, tukabishana. Vitunguu saumu alivitwanga hapo hapo. Pilipili akasema nisiiguse. Ufuta akataka ukaangwe kwanza, nikaukaanga, sikuuunguza wote. Mafuta ya ufuta yakaja mwisho, matone tu. Akaonja. Akasema aonje tena, hajaelewa vizuri. Kipande kilikuwa kinalia kati ya meno yake, nakisikia mpaka nilipo. Akasema kimepungukiwa na kitu ila hajui ni kitu gani, aongeze kipande kingine akisikilize.

Mke wangu alipoingia na ndala mkononi, bakuli lilikuwa tupu. Tumeonja lote.

Akaona bakuli. Akaniona mimi. Akaweka ndala chini, akaanza kuniuliza ni binadamu wa aina gani anayekula chakula cha mgonjwa, mpaka mama akamkatiza, akiwa na ufuta kidevuni, akauliza kama ndani ya nyumba hii kuna mkate wa kufutia bakuli.

Mke wangu akakaa juu ya kapu la viazi, akalia. Mimi pia. Mama akasema tukimaliza kulia, mkate.

Nashukuru. Sijui nianze na nani. Nashukuru, nashukuru.

Jumapili, 15 Machi

Tayari alikuja na gari limeoshwa, mto kwenye kiti cha nyuma. Akamkuta mama mezani. Amevaa lile gauni la pazia, amelikaza kwa mkanda, mbele yake bakuli na chupa. Mama akamsalimia vizuri, akamwambia anamshukuru sana kwa chumba na kitanda, ila kwa sasa hawezi kuondoka, ana matango.

Tayari akabaki amesimama. Kwa mara ya kwanza nikamwona hana kitu ambacho ameshakifanya. Ili asikae mikono mitupu, akasema angalau mama aione picha aliyotaka kumtundikia. Aliipitia dukani kwetu jana, hajaifungua. Nikasema haina haraka. Nikasema karatasi ile ni nzuri, tusiichane. Akaichana.

Suti, cheti, tabasamu, na mbegu ya tango katikati ya paji la uso.

Tayari akafuta kioo kwa kidole. Mbegu haikutoka. Akafuta kwa leso. Mama akainama mbele, akaitazama ile mbegu, akanitazama mimi, akatazama bakuli, akarudi kwenye mbegu. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo penye kidonda, akawa anatuomba tumnyamazishe maana anaumia, na hakuna aliyejua namna ya kumnyamazisha. Mke wangu alimshika mabega akicheka naye. Sikumbuki muziki gani umewahi kunifurahisha hivyo.

Nilimwambia Tayari nitairekebisha. Nikamweleza yote, mpaka feni. Nilitegemea maneno mazito. Akakaa, akavuta bakuli karibu, akasema kweli alikuwa na hofu, kwamba kila akitoka hapa alikuwa analia garini, na ile ratiba yake yote ya kitanda na muuguzi ilikuwa njia ya kuituliza hofu hiyo. Akasema picha niiache ilivyo. Anataka kuona kama kuna atakayethubutu kuisema nyumbani kwake. Halafu akala sahani mbili, akaniomba nimfundishe.

Mimi! Nimfundishe Tayari! Nilimtazama yule mwanyumba wangu na ufuta kwenye masharubu yake, nikaona ni mtu mzuri na siku zote amekuwa mtu mzuri. Ule ujumbe wa pole nimeufuta.

Jumatatu, 16 Machi

Asubuhi mama alikula mayai, mkate, na matango. Akalalamika kwamba chai ni nyepesi. Mke wangu aliondoka kwenda kazini akiimba. Begi la mama limerudi juu ya kabati, likiwa tupu.

Nimekaa nimefikiri kwa utulivu kuhusu wiki hii na nimegundua siri ya mafanikio yangu. Ni mashine. Bila ule mlipuko wa Alhamisi nisingeazima nyundo, bila nyundo mama asingeamka. Kosa lilikuwa dogo tu, kwamba matango ni laini mno kwa mabamba ya chuma. Kinachofaa ni karoti. Nimemwambia muuza mboga aniwekee gunia. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Bosi ana safari tena Alhamisi. Nimepita pia mgahawani kumshukuru mpishi, na kumweleza kwamba akitaka nitakuja kumwonyesha njia ya kisasa. Aliinua kidole, akaanza kusema jambo, lakini nilikuwa nachelewa kazini.

Jioni hii mama alinitaka nitengeneze saladi peke yangu, yeye ataangalia tu. Nikaweka tango, nikaweka chupa, nikaegemea. Tango likaenda kugonga dirisha. Chumvi ilinimwagikia. Nilisahau kubana maji. Mama alionja, akafumba macho, akaniambia ahsante mwanangu, inatosha.

Kisha akamwambia mke wangu kwamba ameamua. Hataondoka nyumba hii mpaka mimi nijue kutengeneza saladi hii mwenyewe.

Mke wangu akasema basi mama, ukae nasi milele. Wakashikana mikono wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Sikuona cha kuchekesha. Nimemhakikishia mama kwamba ndani ya wiki nitakuwa nimeshaiva. Alhamisi naanza na karoti.